Super Napier na nepia ya kawaida: protini iko wapi hasa?

Picha zenyewe mmeziona. Mtu mzima amesimama shambani, majani yamempita kichwa, na chini yake maneno machache: Super Napier, protini asilimia 18, panda mara moja uvune miaka mingi. Halafu namba ya simu. Kwenye makundi ya wafugaji maswali hayaishi. Hii ni nyasi mpya kabisa au ni nepia ile ile? Mbegu zake zinauzwa wapi? Nikiipanda naweza kuacha kununua chakula cha nyongeza? Majibu yanagongana, na anayeumia ni mfugaji aliyeng'oa majani yake mazuri ili apande jina.

Niseme mapema ninachokiamini: jina la nyasi lina uzito mdogo kuliko tunavyodhani. Siku unayoikata, na unachokirudisha ardhini baada ya kuikata, ndivyo vinavyoamua ng'ombe anapata nini. Lakini hilo halieleweki bila kuanzia chini, kwenye nyasi yenyewe.

Tunazungumzia nyasi gani

Nyasi za kudumu ni zile ambazo ukizikata hazifi. Mahindi ukiyavuna yamekwisha, msimu ujao unapanda upya. Nepia hukatwa, ikabaki kisiki, na kisiki hicho kikachipua tena kutoka kwenye macho yaliyo karibu na ardhi. Nguvu ya kuchipua huku inatoka kwenye akiba ambayo mmea umeihifadhi mizizini na kwenye kisiki. Kumbukeni hiyo akiba, tutaihitaji mbele.

Nepia ndiyo ile ambayo wengine huiita majani ya tembo, na Tanzania wengi wanaijua kama mabingobingo. Ni mmea wa Afrika. Asili yake ni kandokando ya mito na mabonde yenye rutuba ya ukanda wa joto, na jina Napier limetokana na Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliihimiza idara ya kilimo ya Rhodesia ya wakati huo, Zimbabwe ya leo, iijaribu kama malisho. Kutoka hapo ikasambaa Asia, Amerika ya Kusini na visiwani. Kwa hiyo tunaposikia nepia "ya kigeni" imeletwa, mara nyingi ni mjukuu aliyerudi kwa babu yake.

Super Napier ni mmoja wa wajukuu hao. Ni huluti, yaani mtoto wa mimea miwili tofauti: nepia na uwele, ile nafaka tunayoijua. Aina iliyovuma zaidi ilitengenezwa Thailand na inaitwa Pakchong 1, kutokana na eneo la Pak Chong. Nepia ilileta nguvu ya kuchipua na mavuno mengi, uwele ukaleta majani laini na ukuaji wa haraka. Ni nyasi nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni maneno yanayoizunguka.

Habari ya mbegu

Tuanze na kosa linalowagharimu watu haraka zaidi: pakiti za "mbegu za Super Napier" zinazotangazwa mitandaoni.

Seli za nepia zina nyuzi za urithi (kromosomu) 28, za uwele zina 14. Mtoto anachukua nusu ya kila mzazi, 14 na 7, anakuwa na 21. Namba hiyo haigawanyiki vizuri wakati mmea unapotaka kutengeneza mbegu, na ndiyo maana huluti ya kawaida ya nepia na uwele ni tasa. Inaweza kutoa suke, lakini suke hilo halina kitu cha kuotesha. Nepia ya kawaida nayo hutoa mbegu chache na dhaifu, na hata zikiota, miche yake haifanani na mama kwa sababu chavua imetoka kwingine.

Kwa hiyo nyasi hii hupandwa kwa pingili. Unachukua shina lililokomaa vizuri, unakata kipande chenye macho matatu, unakilaza kwa mshazari ili macho mawili yafukiwe na moja libaki juu. Au unagawanya kisiki chenye mizizi. Anayekuuzia pakiti ya punje ndogo na kuiita Super Napier anakuuzia kitu kingine, hata kama kitaota.

Asilimia 18 ya nini?

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na naomba tuende polepole.

Majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ukichukua kilo 100 za nepia changa iliyokatwa sasa hivi na kuikausha mpaka isipungue tena, utabaki na kilo 15 mpaka 20 hivi. Hicho kilichobaki ndicho tunachokiita uzito mkavu, na ndicho chakula. Kilo 80 na zaidi zilikuwa maji, ambayo ng'ombe angeweza kuyanywa kwenye ndoo.

Wataalamu wanaposema nyasi ina protini asilimia fulani, wanazungumzia uzito mkavu huo. Tangazo halisemi hivyo. Mfugaji anaona asilimia 16 au 18 kwenye nyasi, anageuza mfuko wa chakula cha ng'ombe wa maziwa, anaona asilimia 16, anahitimisha kwamba vitu hivi viwili vinalingana. Havilingani hata kidogo. Chakula cha mfukoni karibu chote ni kikavu. Kilo 100 za chakula chenye protini asilimia 16 zina kilo 16 za protini. Kilo 100 za nepia mbichi zina, tuseme, kilo 18 za uzito mkavu. Tumkubalie muuzaji kwamba protini ni asilimia 16: asilimia 16 ya kilo 18 ni chini kidogo ya kilo 3. Ukitaka kufikia kilo 16 za protini utahitaji zaidi ya kilo 550 za majani mabichi. Kwa lugha ya banda, kilo 2 za chakula cha mfukoni zina protini sawa na kilo 11 hivi za nepia mbichi yenye sifa zote za tangazo.

Na sifa hizo zenyewe si za kila siku. Kwenye mashamba mengi ya wafugaji wadogo nepia hutoa protini kati ya asilimia 7 na 10 ya uzito mkavu. Asilimia 16 huweza kupatikana, kwenye nyasi changa sana, iliyopewa mbolea nyingi na maji ya kutosha. Wanaotangaza wanachukua siku nzuri kuliko zote na kuibandika kwenye mwaka mzima.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halisemwi. Maabara nyingi hazipimi protini moja kwa moja. Zinapima nitrojeni, kisha zinazidisha kwa 6.25, kwa sababu protini huwa na wastani wa asilimia 16 ya nitrojeni. Sasa shamba likimwagiwa urea kwa wingi na nyasi ikakatwa siku chache baadaye, sehemu ya nitrojeni iliyomo haijageuka protini. Kipimo kitasoma juu, lakini kilichomo si kile ulichofikiri. Vijidudu vya tumbo la kwanza la ng'ombe vinaweza kuitumia sehemu ya nitrojeni hiyo, lakini ikizidi sana, hasa kwenye machipukizi ya mvua ya kwanza baada ya ukame, inaweza kuwa sumu kwa mnyama.

Urefu si lishe

Picha ya mtu aliyefunikwa na majani ndiyo inayouza, nayo ndiyo inayopotosha zaidi. Nepia iliyompita mtu kichwa imeshapoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Nendeni mkaangalie hori jioni. Majani yote yameliwa. Kilichobaki chini ni vipande vya shina, vigumu, vyenye ganda linalong'aa. Ng'ombe amewaambia habari yote. Nyasi inapokua, inajenga shina ili isimame, na shina halisimami bila kuwa gumu. Ugumu huo ni vitu ambavyo hata vijidudu vya tumboni vinashindwa kuvivunja. Uwiano wa jani na shina unageuka kila wiki. Katika wiki ya sita jani ndilo lenye wingi. Katika wiki ya kumi na mbili shina limetawala, na protini inaweza kuwa imeshuka mpaka asilimia 6.

Chini ya asilimia 7 kuna tatizo la aina yake. Ng'ombe hayeyushi nyasi peke yake. Kazi hiyo inafanywa na mamilioni kwa mamilioni ya vijidudu tumboni mwake, na vijidudu hivyo vinahitaji nitrojeni ili viongezeke. Protini ikishuka chini ya kiwango hicho, vinapungua, nyasi inakaa tumboni muda mrefu bila kusagika, tumbo linabaki limejaa na ng'ombe anaacha kula. Mfugaji anaona tumbo kubwa anadhani mnyama ameshiba. Ameshiba kweli, lakini ana njaa.

Kwa hiyo kata nepia ikiwa na urefu wa kati ya sentimita 60 na mita moja, ambao kwa mvua nzuri hufikiwa kila baada ya wiki sita mpaka nane. Mavuno ya kwanza baada ya kupanda yasubiri miezi mitatu au minne ili mizizi ishike. Ukikata, acha kisiki cha sentimita 10 hivi. Anayekata mpaka ardhini ili asipoteze kitu anakata ile akiba niliyoitaja mwanzo, na anayekata kila wiki tatu anaimaliza kwa njia nyingine: mmea unatumia akiba kuchipua, na kabla majani mapya hayajairudisha, panga limefika tena. Baada ya mikato kadhaa ya namna hii visiki vinaanza kufa katikati ya mstari, na mtu analaumu mbegu.

Kipimo cha shambani ni rahisi. Shika shina karibu na chini na ulibonyeze kwa ukucha. Ukucha ukizama na maji yakatoka, bado wakati ni mzuri. Ukiteleza, umechelewa.

Panda mara moja, lisha udongo kila mara

"Ya kudumu" haimaanishi kwamba haina gharama. Hapa tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu jambo hili halimwingii mtu.

Chukua ekari moja inayotoa tani 8 za uzito mkavu kwa mwaka, mavuno ya kawaida kabisa kwa nepia iliyotunzwa. Protini iwe asilimia 8. Hiyo ni kilo 640 za protini. Gawanya kwa 6.25, unapata kilo 102 za nitrojeni zilizobebwa kutoka kwenye ekari hiyo na kupelekwa bandani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23. Yaani kila mwaka kila ekari imetoa nitrojeni ya zaidi ya mifuko minne ya urea, na hapo hatujagusa fosforasi wala potasiamu, ambayo nepia huinyonya kwa pupa. Udongo ni kibubu: ukitoa kila wiki bila kutia, siku moja utakitikisa kiwe kimya. Super Napier inayotoa mavuno maradufu inakimaliza kibubu hicho kwa kasi maradufu, na hilo haliandikwi kwenye tangazo.

Dawa iko bandani. Nitrojeni iliyoliwa haijapotea yote. Sehemu kubwa imo kwenye samadi na kwenye mkojo, ambao wengi tunauacha utiririke mtaroni. Samadi iliyofunikwa isipigwe na jua, ikarudishwa kati ya mistari baada ya kila mkato, inafanya kazi ambayo hakuna aina mpya ya nyasi itakayoifanya.

Kwa wenye eneo dogo au mvua haba kuna njia ambayo huko Kenya hupewa jina zuri la tumbukiza. Unachimba shimo la upana na kina cha futi mbili, unarudisha udongo wa juu uliochanganywa na samadi, unaacha shimo lisijae kabisa ili maji yatuame, unapanda pingili tano mpaka kumi ndani yake. Kazi ya kuchimba ni nzito, sitaificha. Lakini shimo hilo hushika maji na rutuba mahali pamoja, na wakati wa kiangazi utaona tofauti ukisimama mbali.

Nikigusia kiangazi: nepia haifi kirahisi kwa ukame, kwa sababu mizizi yake inaenda chini sana. Lakini kutokufa na kukua ni mambo mawili. Mvua ikikatika, nayo inasimama. Baridi kali nayo huiumiza. Juu ya mita 2,000 hukua polepole, na sakitu, yaani umande ulioganda, huichoma.

Je, kuna nyasi bora kuliko zote?

Hakuna. Kuna nyasi inayofaa kazi fulani. Nyasi ya Rhodes ina mashina membamba, inakauka upesi juani, ndiyo maana ni ya kufanya hei. Nepia ina shina nene linalobaki na maji ndani wakati majani yameshakauka na kupukutika, kwa hiyo hei yake haifai. Ihifadhi kama saileji, ukiinyausha kwanza, ukaikatakata vipande vidogo, ukaongeza molasi kwa kuwa sukari yake ni kidogo, kisha ukaishindilia na kuifunika hewa isiingie. Brachiaria, nayo ya asili ya Afrika iliyoboreshwa Amerika ya Kusini, ina majani mengi kuliko mashina na inavumilia ukavu na udongo wenye asidi. Juncao kutoka China, ambayo teknolojia yake ilianzia kwenye kilimo cha uyoga, ni ya jamii ya nepia, na yote niliyosema juu ya urefu na umri yanaihusu pia.

Kama kuna sababu ya kweli ya kuchagua aina moja ya nepia badala ya nyingine, ni magonjwa. Mawili yamewaumiza wafugaji wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990. La kwanza ni fugwe la nepia, lililoenea hasa Kenya ya kati: mmea unatoa suke mapema kabla ya wakati, suke limefunikwa unga mweusi, na mashina yanakuwa membamba kama fimbo. La pili ni udumavu, uliogundulika Kenya ya magharibi, unaosababishwa na kijidudu kidogo kuliko bakteria wa kawaida na kuenezwa na mdudu mdogo arukaye, anayefyonza utomvu wa majani. Shamba lenye udumavu linadanganya. Mkato wa kwanza unaweza kuonekana salama. Ni machipukizi yanayofuata ndiyo yanayotoka ya njano, mafupi, yamesongamana kama ufagio, na baada ya mikato michache kisiki kinakufa.

Magonjwa yote mawili husafiri kwenye pingili. Pingili ya bure kutoka kwa jirani mwema inaweza kuwa ndiyo iliyobeba msiba. Angalia shamba inakotoka baada ya kukatwa, siyo kabla, uone inavyochipua. Mmea ulioonyesha dalili ung'olewe na kisiki chake, uchomwe au ufukiwe. Kwa fugwe kuna aina zinazovumilia, Kakamega 1 na Kakamega 2 zikiwa zinazojulikana zaidi Kenya.

Nepia ina kazi nyingine ambayo haina uhusiano na hori. Katika kilimo cha sukuma-vuta, kilichobuniwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kenya, pamoja na Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, miaka ya 1990, hupandwa kuzunguka shamba la mahindi. Nondo wa funza wa mabua huvutwa nayo akatage huko, na funza wengi wanaoanguliwa hufa kwa sababu nepia hutoa utomvu unaonata wanapoitoboa. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa katikati ya mahindi, huwafukuza nondo na kudhibiti gugu la kiduha. Kisha vyote viwili, nepia na desmodiamu, vinakatwa kwa ajili ya mifugo.

Na maziwa?

Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za uzito mkavu kwa siku. Kwa nepia yenye uzito mkavu wa asilimia 18, hiyo ni kilo 67 za majani mabichi. Kwenye mvua kubwa, majani yakiwa na maji mengi na uzito mkavu ukashuka hadi asilimia 14, inafika kilo 86, na tumbo linaweza kujaa kabla ng'ombe hajapata chakula cha kutosha. Ndiyo maana majani ya wakati wa mvua hunyaushwa kwa saa kadhaa kabla ya kulishwa.

Kwa nepia nzuri peke yake, tegemea lita chache, mara nyingi chini ya 10 kwa siku. Anayetaka zaidi aongeze majani ya viazi vitamu, au mikunde: desmodiamu, kaliandra, lusina. Mikunde ndiyo yenye protini ya juu kweli, nayo huchota nitrojeni hewani badala ya kuichukua yote udongoni. Kilo 3 za kaliandra mbichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja hivi ya chakula cha mfukoni. Chakula hicho nacho kibakie kwa ng'ombe anayekamuliwa lita nyingi, kwa sababu nishati anayoihitaji haitoshi kutoka kwenye nyasi yoyote ile, iwe imetoka Thailand au bondeni nyuma ya nyumba.

Mwenye shaka na nyasi aliyouziwa anaweza kuipima mwenyewe kwa mizani tu. Akate nyasi hiyo na nepia yake ya zamani siku moja zikiwa na umri mmoja, apime kilo moja ya kila moja, azikatekate na kuzianika juani mpaka uzito usishuke tena, apime tena. Kisha atenge majani na mashina katika kila fungu, ayapime kando kando. Fungu lenye majani makavu mengi zaidi ndilo la kupanda.